Aliyebaki kihambani naye anadai mwana-mbuzi wake

Watu wa Dar wana utani wao wa miaka mingi kwamba Desemba Wachagga wanaenda kuhesabiwa, na sisi huku Moshi tunacheka tu maana hakuna cha kubisha, ikishagonga tarehe 20 barabara ya kutoka Njiapanda ya Himo kuja mjini ni magari yenye mizigo mpaka juu ya bodi, bucha zina foleni, na huko juu Kibosho, Uru, Marangu, Machame mpaka Rombo mageti yaliyokuwa na kufuli tangu Januari yanafunguliwa. Aliyetunga huo utani sijui kama alijua ila una Biblia ndani yake. Luka 2 inasema Yusufu alipanda kutoka Nazareti kwenda Bethlehemu kuandikwa kwa sababu ndo kwao, ukoo wa Daudi, kwahiyo hata Krismasi ya kwanza kabisa ilikuwa safari ya mtu kwenda kuhesabiwa kwenye kijiji cha ukoo wake. Sina ugomvi na hiyo safari, mi mwenyewe naisubiri kila mwaka kwa hamu. Ugomvi wangu ni kwamba kwenye hesabu zetu kuna mtu anarukwa kila mwaka, naye ni yule ambaye hakusafiri kwa sababu hakuwahi kuondoka kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo lenye nyumba na migomba.

Karibu kila ukoo unaye. Anaweza kuwa kitinda mimba ambaye kazi ya mjini haikukaa sawa akarudi, anaweza kuwa dada ambaye ndoa ilimshinda akapewa chumba cha uani, anaweza kuwa mke wa kaka ambaye mumewe mwenyewe yuko Dar dukani, na siku hizi mara nyingine ni mjukuu tu aliyemaliza form four akaambiwa kaa kwanza na bibi tunakutafutia chuo, na hicho chuo mwaka wa tatu huu bado kinatafutwa. Huyu ndo anajua mama anakunywa dawa gani ya presha na ipi ilimvimbisha miguu wakambadilishia. Anaamka usiku kumgeuza mzee aliyepooza asipate vidonda vya kulala upande mmoja, anambadilisha pampasi, anakoroga uji, alfajiri anatoka kutafuta majani ya ng'ombe kwa sababu yule ng'ombe ndo maziwa ya mzee na ndo mbolea ya migomba, akirudi anapika mtori laini maana meno ya mzee yalishakwisha, siku ya kliniki anakodi bajaji kwa hela ambayo hajui itarudi lini kwa sababu kwenye bodaboda mzee hawezi kukaa, wanafika dirisha la wazee wanaandikiwa vizuri bure kabisa alafu wanaambiwa hii dawa hapa haipo kanunueni nje. Hapo ndo anapiga picha ile karatasi anairusha kwenye grupu la familia la wasap. Watu 34 kwenye grupu. Tiki za bluu zinaonekana, wawili wanaandika "pole mama", mmoja anaweka mikono ya kuomba, alafu kimya mpaka kesho yake mtu anatuma video ya kwaya.

Na sio kwamba hatuna hela, tuelewane. Mzee huyo huyo akifariki, kabla mwili haujapoa kamati imeshaundwa, mwenyekiti, mhazini, mtu wa turubai, mtu wa kurusha laivu, fulana zenye picha yake akicheka, na bajeti inasomwa kwa mamilioni bila mtu kutetemeka sauti. Hili limeshasemwa sana mpaka limekuwa wimbo, mpeni maua akiwa hai, kwahiyo silirudii, naliacha hapa. Ninachotaka kukisema ni kitu kingine kidogo, kwamba hata hao wanaojitahidi, hata wewe unayetuma elfu hamsini kila mwezi bila kukosa, unamtumia mama. Aliyebaki na mama humtumii. Yeye hayumo kwenye bajeti, anachukuliwa kama ni sehemu ya nyumba.

Kuna sentensi moja inaua watu hawa taratibu: "si upo tu nyumbani". Nimeisikia ikisemwa bila ubaya wowote na watu wenye roho nzuri kabisa, dada kaomba atumiwe nauli aende harusi ya rafiki yake Arusha anajibiwa sasa mama abaki na nani, wewe si upo tu nyumbani. Kanisani nako haimwishii. Jumuiya ya Jumamosi asubuhi hakuonekana, kwaya aliacha, mavuno alileta kidogo, na wote tunajua jumuiya ikishakuona mtoro siku ukipata shida maswali yanakuwa mengi. Kumbe mwenzenu muda ule mnasali alikuwa anaogesha mtu. Kwa macho ya kanisa ni mlegevu, kwa macho ya ndugu ni mtu ambaye maisha yamemkataa.

Sasa tufungue Luka 15. Huu mfano wa mwana mpotevu sisi tunaupenda mno, na ukiangalia vizuri utaona kwa nini tunaupenda, ni kwa sababu sisi wa mjini ndo mwana mpotevu mwenyewe, tunarudi, tunachinjiwa, tunakumbatiwa, hadithi tamu. Mahubiri karibu yote yanaishia kwenye pete na viatu na ndama aliyenona, na kaka mkubwa akitajwa anatajwa kama mfano wa roho mbaya, mwenye wivu, asiyejua neema. Mi naomba tumsome tena taratibu. Andiko linasema yeye alikuwa shambani. Yaani karamu imepikwa, ndama kachinjwa, wapiga ngoma wamefika, na mtu pekee ambaye hakuna aliyekumbuka kumwita ni yule aliyekuwa anafanya kazi. Anasikia mziki akiwa njiani anarudi, anamuuliza mtumishi kuna nini. Mtumishi! Kwenye nyumba ya baba yake mwenyewe habari za sherehe anazipata kwa mfanyakazi. Alafu anasema maneno ambayo aliyebaki yeyote huku migombani angeyasema kama angepewa kipaza sauti siku ya tarehe 25, nimekutumikia miaka yote hii na hata mwana-mbuzi hujanipa nikafurahi na rafiki zangu.

Mwana-mbuzi tu. Hakuomba ndama.

Ni kweli kaka alikuwa na uchungu uliomfanya amkane ndugu yake, anasema "huyu mwana wako", hataki kusema ndugu yangu, na hilo ni kosa lake na baba analisahihisha kwa upole. Lakini angalia baba alichofanya. Kwanza anatoka nje, anaacha wageni na nyama mezani anakwenda kumsihi, sasa niambie ni nyumba ngapi Desemba mzee au kaka mkubwa anaacha meza ya wageni wa Dar anakwenda jikoni nyuma kumsihi aliyenuna. Pili hamwambii uko sahihi wala hamwambii huna haki, anamwambia "Mwanangu, wewe u pamoja nami sikuzote, na vyote nilivyo navyo ni vyako". Hiyo sentensi tunaipita kama salamu lakini ni sentensi ya mirathi. Mwanzo wa mfano mdogo alipodai sehemu yake baba aliwagawia wote wawili, mdogo akachukua chake akaenda kukimaliza, kwahiyo kilichobaki pale kilikuwa cha mkubwa kweli kweli. Mpotevu kapewa pete, kapewa vazi, kapewa viatu, kasamehewa kabisa bila masharti, ila shamba hakupewa tena. Msamaha mmoja, mali kitu kingine, na baba yule alivijua vyote viwili bila kuvichanganya. Sisi tumevichanganya, yule wa mjini akirudi na shangwe anapata vazi na pete na shamba pia.

Mila zetu zenyewe, kabla hata ya Injili kupanda huu mlima, zilikuwa zinalijua hili kwa namna yake. Kwa ujumla, maana Rombo na Machame kila mtu atakuambia kwao ni tofauti kidogo, mtoto wa kwanza wa kiume na wa mwisho wa kiume ndo waliopendelewa, wa kwanza anakatiwa kihamba chake mapema, wa mwisho anabaki na nyumba ya wazazi, na wa katikati atajijua mwenyewe huko porini au biashara (ndo maana watoto wa katikati wa Kichagga ni wafanyabiashara hatari, hiyo ni imani yangu binafsi msiniulize utafiti). Tunauona upendeleo wa kitinda mimba tunasahau kwamba ulikuja na mzigo wake, nyumba ni yako kwa sababu wazee ni wako, mama yako atakula kwako mpaka azikwe hapo hapo migombani. Haki na jukumu vilifungwa kwenye mzigo mmoja. Leo mzigo umefunguliwa, jukumu amebaki nalo aliyebaki, haki imegawanywa kwa wote, na mwenye sauti kubwa zaidi kwenye kikao cha kugawa ni yule mwenye gari kubwa zaidi getini.

Nani aliufungua? Kahawa kwa kiasi kikubwa. Wachagga walianzisha chama chao cha wakulima wa kahawa mwaka 1925, mwaka 1933 kikawa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, na ile hela ya kahawa ikakutana na shule za Walutheri na Wakatoliki zilizokuwa zimejaa mlimani, ikalipa ada, ada ikazaa vyeti, vyeti vikapanda basi. Hakuna wa kulaumiwa hapo, kila mzazi alikuwa anafanya jambo jema, kila ada iliyolipwa ilikuwa upendo. Ardhi nayo haikuongezeka, kihamba cha babu ukikigawa kwa watoto sita kinakuwa bustani, kwahiyo hata asiyetaka kuondoka aliondoka. Miaka ya 1990 soko la kahawa likafunguliwa, bei ikayumba, watu wakang'oa mibuni, na sababu ya mwisho ya kijana kubaki ikaondoka. Sensa ile ya kweli, ya usiku wa kuamkia Agosti 23 mwaka 2022, ilipata watu 1,861,934 mkoa wa Kilimanjaro, na ukipanda juu vijijini mwezi wowote ambao sio Desemba utaona wenyewe ni kina nani, wazee wengi, watoto wa shule, na hapa na pale mtu mmoja wa makamo anayekimbia huku na huku.

Alikuwepo mmisionari mmoja Mjerumani wa Leipzig, Bruno Gutmann, alifika Kilimanjaro mwaka 1902, akafanya kazi sana Old Moshi mpaka 1938 ukitoa miaka michache baada ya Vita ya Kwanza. Yeye aling'ang'ania kwamba ukoo, ujirani na rika sio ushenzi wa kubomolewa, ni udongo ambao Injili inapaswa kuota humo humo. Wapo waliomlaumu kwamba alitaka Wachagga wabaki vile vile wakati wenyewe walikuwa wanakimbilia shule na kahawa, na lawama hiyo ina ukweli mwingi. Ila kuna kitu alikiona. Tungemfuata hata nusu, kanisa lingekuwa linauliza ukoo maswali magumu, nani analala na bibi, nani amempumzisha huyu dada mwaka huu. Tulichofanya ni kubakiza ukoo kwa ajili ya sherehe, kanisa na ukoo wanakutana vizuri kabisa kwenye ubatizo, kipaimara, send-off na mazishi, na kati ya kipaimara na mazishi kuna miaka hamsini ya kimya.

Na hapo lazima niseme la sadaka, najua kuna watu watanuna. Marko 7 Yesu anawakuta viongozi wa dini wana utaratibu mzuri tu, mtu akishasema mali hii ni Korbani, yaani nimemtolea Mungu, basi hadaiwi tena kumsaidia baba wala mama. Inaonekana ni utakatifu. Yesu anawaambia mnalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yenu. Sijui ni mara ngapi mmesikia hiyo aya ikisomwa siku ya harambee ya ujenzi. Mtu ana bahasha ya jengo, bahasha ya mavuno, ahadi ya vyombo vya mziki, akishuka kutoka Dar anaitwa mbele anapigiwa makofi, na mama yake yuko kilomita mbili kutoka pale kwenye godoro lililobonyea katikati. Mi natoa sadaka na nitaendelea kutoa, mnada wa ndizi na mayai baada ya ibada ni kitu nakipenda kuliko karibu kitu chochote cha Jumapili. Ila utaratibu wa nani atangulie sikuutunga mimi. 1 Timotheo 5 inasema watoto na wajukuu wajifunze kwanza kuyatenda yaliyo wajibu nyumbani mwao na kuwalipa wazazi, alafu inashuka mstari wa 8 na nyundo, mtu asiyewatunza walio wake ameikana imani tena ni mbaya kuliko mtu asiyeamini. Mbaya kuliko asiyeamini, Paulo hakumumunya maneno.

Tumejifunza ile amri kipaimara tukiwa na miaka kumi na kitu, waheshimu baba yako na mama yako, ya nne kwa Walutheri na Wakatoliki, wengine wanaihesabu ya tano, na kwa sababu tuliikariri utotoni tumebaki tunadhani ni amri ya watoto, ya kutumwa dukani bila kununa. Waliosimama pale Sinai kuipokea walikuwa watu wazima wenye wake na mifugo na wazazi waliochoka. Ni amri ya mtu mwenye miaka 45 na mkopo benki.

Kuna upande wa pili na ni wa kweli. Yesu huyo huyo alisema mtu asipomchukia baba yake na mama yake hawezi kuwa mwanafunzi wake, na walipomwambia mama yako na ndugu zako wako nje akauliza mama yangu ni nani. Paulo huyo huyo anawaambia Wakorintho haiwapasi watoto kuweka akiba kwa wazazi bali wazazi kwa watoto. Kwahiyo mzazi anayemlea mtoto kama mradi wa uzeeni, anayemfungulia daftari la madeni tangu chekechea, Biblia haimuungi mkono. Na yapo majumba ambayo mzazi aliumiza watu kwa miaka, kwa pombe, kwa kipigo, kwa mambo ambayo hayasemwi mezani, na mtoto aliyeondoka aliondoka ili apone, huyo msimtumie mistari kwenye wasap tafadhali, anaweza kuhakikisha mzee anakula na anatibiwa bila kulala naye nyumba moja na hakuna amri aliyovunja. Pia wapo waliobaki ambao sio malaika, anauza miti ya mzee, anakunywa hela ya dawa, anamficha mama asiongee na wenzake. Nawajua, mnawajua. Lakini tunamtumia huyo mlevi mmoja kama kisingizio cha kutowalipa kumi waaminifu.

Tena ukitaka kuona Yesu mwenyewe alifanyaje na suala la kumtunza mama, nenda Yohana 19. Yuko msalabani, mama yake yuko chini pale, anamwonyesha mwanafunzi mmoja, tazama mama yako, na tangu saa ile yule mwanafunzi akamchukua nyumbani kwake. Angalia jinsi kikao kilivyokuwa kifupi. Hakusema mtasaidiana, hakusema tutaangalia, alimtaja mtu mmoja, na jambo likaanza saa ile ile. "Tutasaidiana" ndo neno lililowaacha wazee wengi zaidi peke yao kuliko ugomvi wowote, kwa sababu maana yake ni kwamba atasaidia aliye karibu. Na aliyetajwa pale hakuwa hata mtoto wa kumzaa. Familia kwa Yesu inapanuka, haipungui, kwahiyo yule mke wa kaka au yule jirani anayepeleka chakula kila siku kwa bibi asiye na mtu naye ni mtoto, kama walivyomwambia Naomi kuhusu Ruthu kwamba mkwe wake anamfaa kuliko watoto saba. Watoto saba! Ukihesabu grupu la familia utaona hata saba ni wachache.

Hapo kwa Ruthu ndo linakuja suala la akina dada, kwa sababu aliyebaki siku hizi mara nyingi ni mwanamke, na siku ya kugawa anaambiwa wewe ni wa kuolewa, kihamba ni cha wanaume. Kamuogesha baba miaka yote alafu anapewa sufuria na vitenge vya mama. Wakristo wenzangu wanaojificha nyuma ya mila kwenye hili wakasome Hesabu 27. Mabinti watano wa Selofehadi, Mahla, Noa, Hogla, Milka na Tirza, walisimama mbele ya Musa na taifa zima wakasema baba yetu amekufa hana mwana wa kiume, kwa nini jina lake lifutwe, tupeni milki. Musa hakuwa na jibu, akampelekea Mungu, na Mungu akasema hao wamenena haki. Ukitaka sheria ya nchi nayo ipo, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kifungu cha 20 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi, na hata kabla yake Mahakama Kuu Mwanza mwaka 1990 ilishaamua kesi ya Holaria Pastory, mama wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, kwamba mila ya kumzuia kuliuza kwa sababu ni mwanamke haiendani na Katiba. Mungu alishasema, Jaji Mwalusanya wa kesi hiyo alishasema, bado kikao cha ukoo tu.

Kwa hiyo cha kufanya. Kikao cha Desemba mnacho tayari, tarehe 26 au 27 mnakaa chini ya mti mnakula ndafu mnajadili kaburi la babu liwekwe tarazo au lisiwekwe. Ongezeni ajenda moja, iwe ya kwanza kabla ya mbege kuzunguka. Aliyebaki alipwe, kwa mwezi, kwa jina lake, kwenye simu yake, tofauti na hela ya mama, kiasi kile ambacho mngemlipa mtu baki kwa kazi hiyo na kuzidi. Apewe likizo, wiki mbili mara mbili kwa mwaka mmoja wenu anakuja kulala kwenye kile chumba na kugeuza mzee usiku, na sio kutuma hausigeli, yeye mwenyewe aje, atajifunza mengi ikishafika usiku wa pili. Na mzee akiwa bado na akili timamu aandike wosia mbele ya mashahidi aseme nyumba hii ni ya nani na kwa nini, kwa sababu mkiacha mpaka afe mahakama itaanza kuangalia mzee aliishi maisha ya kimila au la ndo ijue imtumie sheria gani, na kubatizwa peke yake hakutoshi kuamua hilo, na mtajikuta kaka na dada mnatazamana kupitia mawakili. Yule aliyemwambia Yesu mwambie ndugu yangu anigawie urithi wetu alijibiwa ni nani aliyeniweka mimi kuwa mgawanyi juu yenu, kwahiyo msitegemee mchungaji wala padre aje awatatulie kaburini.

Na kama mna miaka mingi hamjafanya hayo, kabla ya hela pelekeni isale. Mnajua wenyewe, jani la isale ndo mpaka wa kihamba na ndo jani la kuomba msamaha, na Mchagga akiletewa isale hakatai. Tumelizoea kuona linapelekwa kwa mzee aliyekasirika au kwa wakwe. Sijawahi kuona likipelekwa kwa dada wa chumba cha uani na kaka zake watano waliovaa suti.

Nimeshasikia pingamizi, tena kutoka kwa mzee wa kanisa ninayemheshimu, kwamba kumlipa ndugu kwa kumtunza mama ni kuugeuza upendo kuwa biashara, huyo meku (mzee, kwa Kichagga) akasema thawabu yake iko mbinguni. Nikamwomba afungue ile ile 1 Timotheo 5 ashuke mpaka mstari wa 18, usimfunge kinywa ng'ombe apurapo nafaka, na tena, mtenda kazi astahili ujira wake. Mstari huo tunausoma vizuri sana kila tunapopanga posho za wachungaji, na hakuna aliyewahi kusema tunawageuza biashara. Umeandikwa kuhusu wazee wa kanisa, ni kweli, na yeye akanikumbusha hilo haraka. Lakini sura nzima kuanzia juu inazungumzia wajane na nani awatunze, na sioni kwa nini ujira ukubalike kwa anayesimama madhabahuni saa moja na nusu ukataliwe kwa anayeinama kitandani usiku kucha. Mzee hajanijibu bado, amesema atalipeleka kwenye baraza.